Alianza kwa Kununua Kiti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; ndugu wajumbe wa Bodi; wakuu wa matawi yetu yote, ya karibu na ya mbali; wauzaji, madereva, wapakiaji, walinzi, na ndugu zetu wa usafi ambao jana mlikesha mkipangusa ghala hili ili leo liitwe ukumbi; wageni waalikwa mnaotuletea bidhaa kutoka viwandani na mashambani; wateja wetu wapenzi; kaka yangu, uliyevaa suti niliyokushonea mwenyewe na ambayo nakuomba usile sana ukiwa ndani yake; na wewe, wifi yangu, mstaafu wetu na chanzo cha mkusanyiko huu: hamjambo nyote?

Mshereheshaji ameniambia nieleze historia ya kampuni kwa kifupi. Kwa kifupi! Mimi ni fundi cherehani, nimezoea mteja anayeleta kipande cha kitambaa cha mtoto akitaka ashonewe vazi la mtu mzima. Nitajitahidi. Pakibana, mtanisamehe.

Najua kuna vijana humu, hasa mlioajiriwa juzijuzi, mnaoulizana kwa chini: huyu mama ni nani, hana cheo, hana tai, mbona kapandishwa jukwaani? Swali ni la haki. Mimi ndiye niliyeshona aproni ya kwanza ya kampuni hii, na hizo mlizovaa zimetoka kwenye karakana yangu. Lakini kabla ya aproni, mimi ni dada wa mume wake. Kwa hiyo yeye kwangu ni wifi, nami kwake ni wifi. Na mawifi mnawajua. Watu husema mawifi wawili wakikaa nyumba moja, hata paka huhama. Alipoletwa kwetu mara ya kwanza nilimkagua kama kitambaa cha mtumba. Nikamgeuza huku, nikamgeuza kule, nikitafuta palipochanika. Mama yetu akaniambia, "Wewe, mwache mtoto wa watu anywe chai." Nikamwacha anywe. Palipochanika sijapaona hadi leo, ingawa, wifi, bado natafuta.

Ndugu zangu, wakati ule alikuwa ameajiriwa kwenye duka moja kubwa, la milango ya vioo, kazi yake kupokea malipo ya wateja. Nilitaka kusema alikuwa anakaa kwenye mashine ya risiti. Hakuwa anakaa. Alikuwa anasimama, yeye na wenzake wote, kutwa nzima. Na alikuwa mjamzito, mimba ya huyu bwana aliyeketi meza ya pili pale, ambaye sasa naye ni baba wa watu na anajifanya hanisikii.

Siku moja mchana foleni yake iliisha. Hakukuwa na mteja hata mmoja mbele yake. Akageuza kreti la soda, akakaa. Hajamaliza hata kuvuta pumzi, msimamizi huyo hapo.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mteja akikuona umekaa atadhani duka limelala."

Wifi yangu akamjibu kwa adabu kabisa, "Na akiniona nimeanguka atadhani nini?"

Kazi iliishia hapo. Alirudi nyumbani kabla ya wakati wake. Kaka yangu akamletea beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akamvua viatu, na ile miguu ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Sikupata nafasi. Aliitazama miguu yake kwa muda, kisha akasema, "Nikifungua duka langu, muuzaji wangu atakaa."

Kaka akauliza, "Duka gani?"

"Hilo nitakalofungua."

"Lina jina?"

"Halina jina. Lina kiti."

Tulicheka, jamani. Nani asingecheka? Mtu hana kazi, ana mimba, miguu imo kwenye beseni, anagawa viti!

Lakini mtoto alipozaliwa na kuanza kukaa mwenyewe, wifi akamwendea mama yetu, yaani mama mkwe wake, akamwomba chumba cha mbele kilichotazama kona ya barabara. Ndiyo ilikuwa sebule. Mama hakufikiri mara mbili. "Sebule ya nini?" akasema. "Wageni wenyewe wakija huja jikoni." Basi makochi yakahamia uani, cherehani yangu ikasogezwa barazani, na siku ya pili tukamwona wifi anarudi kutoka kwa seremala. Tulitegemea rafu. Kaleta kiti. Kiti kirefu chenye egemeo, saizi ya kaunta, kabla hajawa na kaunta. Seremala aliyekuja nyuma yake akauliza, "Sasa mama, rafu lini?" Akamwambia, "Rafu zitasubiri. Bidhaa haziumwi mgongo." Mto wa kile kiti nilishona mimi, na miezi ya mwanzo mkate, sabuni, viberiti na betri vilipangwa juu ya maboksi, huku kiti kikiwa ndicho kitu pekee cha maana ndani ya duka.

Jina halikutoka kwa mtaalamu wa matangazo, kama baadhi yenu mnavyodhani. Kwenye ubao tuliandika "Bidhaa Mchanganyiko". Nani alisoma? Mimi nilikuwa barazani nashona, na kila nikikosa uzi au chenji napaza sauti, "Wifi! Wifi!" Wateja wakasikia. Akina mama wakaanza kuwaambia watoto, "Kimbia kwa Wifi ulete chumvi." Mpaka wazee wenye mvi, wanaume wazima wasio na undugu nasi hata wa mbali, wakawa wanamwita Wifi. Leo magari yetu yanapita barabarani yameandikwa "Kwa Wifi", na kila nikiyaona najisikia kama nimeitwa.

Kanuni ya kwanza ilikuwa hiyo ya kiti. Ya pili ilikuja na mfanyakazi wa kwanza. Huyu mnamfahamu, nanyi mnamwita kama sisi tulivyomwita: Kicheko. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye nyumba moja ya wageni kwa sababu akicheka, wageni waliolala waliamka. Wifi alimsikia akicheka barabarani, akatoka, akamwambia, "Dada, njoo ucheke ndani. Duka langu halina tangazo."

Kanuni yenyewe ni hii: cha jana kiitwe cha jana. Mkate uliobaki uwekwe kwenye rafu yake, uandikwe ni wa jana, uuzwe rahisi. Ni jambo dogo, sivyo? Haya, sikieni. Asubuhi moja kaja bwana ana haraka zake. Kashika mkate. "Wa leo huu?"

"Wa jana, baba," Kicheko akamjibu. "Wa leo uko njiani, unafika sasa hivi."

"Sasa wewe unauza au unafukuza?"

"Nauza. Ila sitaki ukifika nyumbani mkeo akuulize ulikuwa umefumba macho."

Yule bwana akautupa mkate kwenye rafu, akaondoka anasonya. Kaka yangu akashika kichwa. "Wateja wakiondoka hivi, mikate tutaila wenyewe." Na kweli tukaula, siku ile na nyingine nyingi. Lakini wiki haikuisha, yule bwana akarudi. Safari hii kaja taratibu. Akasimama mbele ya Kicheko, akasema, "Nilihamia duka la kule ng'ambo. Kule mkate ni wa leo kila siku. Hata ule mgumu." Kicheko alicheka mpaka sindano yangu ikakatika. Na huyo bwana hakuhama tena.

Hivyo ndivyo tulivyokua, ndugu zangu. Polepole, mtu kwa mtu. Tulikodi jengo mtaa wa pili, tukafungua duka lingine, Kicheko akawa mkuu wake, naye akawafundisha wasichana wawili na kijana mmoja mpole ambaye sasa anaongoza magari yetu yote. Wifi alikuwa na msemo: "Duka halishindwi kwa kukosa rafu, hushindwa kwa kukosa mtu." Hakufungua mlango mpya mpaka awe amelea mtu wa kusimama pale. Samahani. Wa kukaa pale.

Halafu ikaja asubuhi ya friji. Kipindi cha joto kali, friji la maziwa likafa. Kaka yangu akafungua pakiti moja, akaonja, akasema, "Mazima haya. Tukiyauza haraka hakuna atakayejua."

Wifi akamuuliza, "Utampelekea mama?"

"Mama hanywi maziwa."

"Mume wangu, usinijibu kama wakili. Utampelekea?"

Kaka akaiweka chini ile pakiti. Mnamwona hapo anavyotabasamu. Siku ile hakutabasamu. Maziwa yote yakamwagwa, na mlangoni wifi akabandika tangazo: "Friji letu limekufa. Maziwa leo hatuna. Tunaomba radhi." Akapita mama mmoja aliyevaa sare nyeupe, mkuu wa wauguzi wa hospitali ya jirani, akienda kazini. Akasoma lile tangazo, akalisoma tena, akaingia ndani akanunua sabuni ambayo, alituambia baadaye, wala hakuihitaji. Alitaka kuona ni watu gani wanaojisema wenyewe.

Sasa niwaambie habari ambayo wengi wenu hamkuisikia, kwa sababu wifi hapendi kuisimulia.

Mwenye lile jengo la duka la pili aliliuza, na mnunuzi mpya akatutaka tuondoke. Wakati huohuo akaja bwana mmoja mwenye maghala, mfanyabiashara mkubwa, mtu muungwana, viatu vyake vinang'aa. Alikuwa amesikia sifa zetu. Akasema yuko tayari kuingia ubia. Atatutafutia majengo mapya, atatufungulia maduka kila kona, na kabla ya mwaka kwisha jina letu litajulikana nchi nzima. Mioyo yetu ikaruka. Kisha akataja masharti. Wauzaji wasimame, maana kukaa kunaonyesha uvivu. Na ile rafu ya vitu vya jana iondolewe, maana inachafua sura ya duka.

Ndugu wageni, nitawaomba mpige picha akilini. Duka lilikuwa na kiti kimoja tu, kile cha muuzaji, na kwa heshima tulikuwa tumempisha mgeni. Hayo yote aliyasema akiwa amekikalia.

Wifi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mzee wangu, tangu umefika umekaa. Je, biashara zako zimelala?"

Yule bwana akacheka, akacheka kweli, mpaka akafuta macho. Lakini alipomaliza kucheka akasema, "Mama, maneno unayajua. Ila masharti ni hayohayo."

Wifi akaomba apewe muda wa kushauriana. Hakumwita mumewe na mama mkwe peke yao. Aliwaita wauzaji wote, wakajazana uani kwenye yale makochi ya sebule. Kaka yangu alisema wazi kwamba tukubali. "Tukikataa," alisema, "tunarudi chumba kimoja, na hawa watoto wote tutawapeleka wapi?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na akili.

Kicheko akainuka. "Wifi, mimi naweza kusimama. Nina miguu kama nguzo. Usiache riziki ya watu ipotee kwa ajili ya viuno vyetu."

Nilimtazama wifi. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti haikutetereka. Akasema, "Wewe unaweza. Atakayekuja baada yako je? Mwenye mimba je? Mwenye goti bovu je? Na nikikubali leo kuondoa kiti, kesho nitaambiwa mkate wa jana niuite wa leo, na nitakubali, maana nitakuwa nimeshazoea kukubali. Mwisho nitakuwa na maduka mengi na sijui hata moja ni la nani."

Akakataa. Na msidhani mbingu zilifunguka tukashushiwa neema papo hapo. Lile duka la pili tulilifunga. Tulipakia rafu kwenye pikapu mchana kweupe, majirani wanatazama, na Kicheko hakucheka siku nzima. Mtaa mzima ukajua kuna msiba, kwa sababu ya ule ukimya. Lakini hakufukuzwa mtu. Waligawana zamu katika chumba kimoja. Waliokosa nafasi kaunta walipeleka bidhaa majumbani kwa wazee na wagonjwa wasioweza kutoka. Wote walikuwa wamekubali kupata kidogo ili kila mmoja apate. Siku moja wifi akaja kukaa karibu na cherehani yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, na kama nimekosea?"

Nilimwambia ninachokijua. Nilimwambia, "Fundi akikata kitambaa vibaya, mkono humwambia kabla mkasi haujafika mwisho. Mkono wako umekwambia nini?"

Akasema, "Haujasema kitu."

"Basi endelea kukata."

Tuliendelea. Msimu ukapita, mvua zikaja zikaisha. Ndipo siku moja yule mama wa sare nyeupe akaingia, safari hii hakutaka sabuni. Pale hospitalini, ndani ya geti, palikuwa na duka ambalo mwenyewe ameliacha, na uongozi ulikuwa unatafuta mtu. Akasema, "Wagonjwa wangu hawana nguvu za kukagua bidhaa, na ndugu zao wamechanganyikiwa. Nataka mtu atakayekagua kwa niaba yao. Nimekumbuka tangazo la friji." Kisha akaangalia kaunta, akaongeza, "Na muuzaji aje na kiti chake. Wodi zangu zimejaa watu wa migongo, msiniongezee."

Kicheko aliposikia hivyo, mtaa ukapona ukimya wake.

Kutoka hospitalini, chuo kikatuita, kwa sababu wauguzi wanafunzi walitusema vizuri. Kutoka chuoni, stendi ya mabasi. Kutoka stendi, viwandani. Na kila tulikoitwa tulikuwa na mtu wa kupeleka, kwa sababu wale tuliobanana nao katika chumba kimoja, wakigawana zamu, walikuwa wameiva pamoja. Hebu tazameni meza ya wakuu wa matawi. Wengi wao walikuwa uani siku ile. Mtaalamu mmoja alikuja kutufanyia utafiti, akauliza siri ya sisi kutopoteza wafanyakazi. Wifi akamwambia, "Ukimpa mtu pa kukaa, huwa anakaa."

Na yule bwana wa maghala? Mzee, simama watu wakuone. Ndiye huyo! Alirudi miaka kadhaa baadaye, bila masharti, akatuambia wauzaji wake wote sasa wana viti. Leo ndiye msambazaji wetu wa sukari na mchele, na hajawahi kutuletea gunia lenye mchanga. Tunakushukuru, mzee wetu. Ni uungwana mkubwa mtu kubadili mawazo na kuja kulisema hilo mbele ya watu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nina neno dogo, na nitalisema hapa hadharani kwa sababu mimi sina kazi ya kufukuzwa. Nimesikia fununu kwamba kwenye matawi mapya kuna wazo la kuiondoa ile rafu ya vya jana, eti haipendezi kwenye picha. Ni kweli? Naona wajumbe wawili wanatazama sahani zao. Wanangu, mna elimu, na kampuni inaihitaji elimu yenu. Ni nyinyi mliotuletea njia za kuhifadhi mboga zisiharibike, na tunawapongeza. Lakini rafu ile ndiyo inayomfanya mteja aamini rafu nyingine zote. Mkiiondoa, itabidi mtueleze mtaweka nini mahali pake. Naona mkurugenzi wetu mpya, Kicheko, anatikisa kichwa kukataa. Haya, jibu mmelipata.

Ndiyo, kuanzia leo Kicheko ndiye mkurugenzi. Kicheko, hongera. Tunakuomba kitu kimoja tu: kwenye vikao vya Bodi, cheka. Siku usipocheka tutajua pa kuangalia.

Na kwako, wifi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kukuaga, kisha asubuhi ya leo ukaniharibia. Niruhusu niwasimulie.

Leo ni siku yake ya kwanza ya kupumzika. Kaka yangu alimwambia alale mpaka jua limwamshe. Hakulala. Alfajiri akajifunga kanga, akatoka kimyakimya, akatembea mpaka lile duka letu la kwanza la kona ili afungue mlango, kwa mazoea tu. Nami nikapokea simu. Nikajua kuna tatizo.

"Wifi," akaniambia, "wameshafungua."

"Uko wapi?"

"Nimesimama ng'ambo ya barabara. Taa zinawaka, wateja wamo, kuna binti simjui anamfungashia mzee mmoja mayai, anayafunga moja moja kwenye gazeti. Wamefungua bila mimi."

Nikaogopa. Nikamuuliza, "Umeumia?"

Nilisikia magari yakimpita. Kisha akasema, "Hapana. Nimeshiba."

Mabibi na mabwana, sina cha kuongeza juu ya hapo. Wifi yangu, kwa niaba ya watu wote uliowalea, na kwa niaba ya ukoo wetu uliokupokea kwa ukaguzi mkali, tunakushukuru. Nenda ukapumzike na kaka yangu. Nanyi mlioketi hapa, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu muda wote huu, karibuni chakula.